Kufuli Halijui Hesabu

Popote ulipo, uwe Makanyagio, Kawajense au Ilembo, uwe Majimoto unashona magunia, au Karema ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, vuta kiti tukae kidogo.

Ukipita katikati ya mji wetu wa Mpanda majira ya saa mbili, saa tatu usiku, utasikia sauti moja ikihama duka hadi duka. Mageti ya chuma yanavutwa, komeo linaingia, kufuli linabanwa. Mwenye duka analivuta mara mbili ahakikishe, anatia funguo mfukoni, anashika njia ya nyumbani. Amefunga.

Nami nakuuliza kama jirani yako: umefunga nini? Humo ndani zimelala sabuni ngapi? Sukari kilo ngapi? Droo ya pesa ilikuwa na shilingi ngapi asubuhi, na sasa ina ngapi? Ukinijibu, "Ah, vitu vipo vingi tu," basi umelaza mali usiyoijua. Kufuli linajua kuzuia mlango. Halijui hesabu.

Wazee walishatuambia: mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaisema kila siku, ila sikio letu linaishia kwenye "hupotea". Leo naomba tulisikilize hilo neno la mwisho, "bila habari". Maana mwizi anayevunja mlango usiku ana adabu moja: anakuachia habari. Asubuhi unakuta tundu ukutani, majirani wanajaa, unakwenda polisi unapewa RB, ile namba ya taarifa yako, mji mzima unajua. Lakini ule upotevu wa mchana, wa kidogo kidogo, hauvunji kitu. Unakuja kuushtukia siku umekwenda kwa muuza jumla na mtaji wako haununui tena kile ulichozoea kununua. Hapo ndipo unaanza kutafuta mchawi.

Tuanze na mpunga, maana mazungumzo ya mali mkoani kwetu Katavi yasipogusa mpunga hayajatimia.

Tuseme kuna mama ana duka la nafaka hapa mjini. Msimu wa mavuno, mpunga unaingia kutoka bonde la Mpimbwe, bei imelala, anajikaza ananunua gunia kumi. Kila gunia linapanda mzanini, kilo 100 kamili. Ila mpunga una unyevu. Anamwambia kijana wake wa duka auanike. Kijana anatandaza maturubai, anageuza mpunga juani siku kadhaa, anaurudisha kwenye magunia, anaupanga stoo. Wiki zinapita. Anakuja mteja wa kununua kwa jumla, magunia yanapimwa: kilo 93. La pili, 93. La tatu, hivyo hivyo. Gunia kumi, kilo 70 hazipo.

Mama anamtazama kijana. Kijana anatazama chini. Nani mwingine alikuwa na funguo? Anaulizwa, anaapa, analia, haaminiwi. Anaondoka na begi lake, na mtaa mzima unajua ni mwizi wa mpunga.

Sasa msikilizaji, chukua kalamu. Mpunga ule ulipoingia, katika kila kilo 100, kilo 20 zilikuwa maji. Punje yenyewe ilikuwa kilo 80. Jua likaukausha hadi unyevu ukabaki sehemu 14 katika mia, kiwango kizuri cha kuhifadhia na kukoboa. Punje ni zile zile kilo 80, ila sasa ndizo sehemu 86 katika mia ya gunia. Gawanya 80 kwa 86, utapata gunia la kilo 93. Haikuibwa hata punje moja. Aliyechukua kilo 70 ni jua la Katavi, na jua halipelekwi kituoni.

Mama yule hakukosa kufuli. Alikosa mstari mmoja kwenye daftari: mpunga umeingia mbichi kilo 100, umetoka kuanikwa kilo 93. Angeandika siku ile ile alipouanua, kijana angekuwa bado yuko kazini, na yeye bei ya kuuzia angeipanga kwa kilo zilizopo, si kwa kilo zilizopaa angani.

Ndiyo maana nasema, asiyehesabu humshuku kila mtu. Daftari tunalidhani ni la kumnasa mwizi, kumbe kazi yake ya kwanza ni kumlinda asiyeiba.

Na si jua peke yake. Yuko panya, ambaye hakuna RB inayomtisha. Yuko mdudu wa mahindi. Uko unyevu unaopanda kutoka sakafuni mpaka unga unashika ukungu. Weka magunia juu ya chaga za mbao, yaache mbali kidogo na ukuta upate kupita na kuona kinyesi cha panya kabla hujaona gunia limetobolewa. Na vyenye tarehe ya mwisho, maziwa, biskuti, juisi, kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Wengi wetu tunafanya kinyume: mzigo mpya unawekwa mbele kwa sababu unang'aa, wa zamani unasukumwa nyuma ukafie huko.

Tuhamie kwenye mzani wa kaunta. Tuseme umenunua mfuko wa sukari wa kilo 50 kwa shilingi 145,000, unauza kilo shilingi 3,000. Ukiuza kilo 50 zote unapata 150,000, faida 5,000. Lakini mkono wako una huruma. Kila kilo unaongeza kijiko, gramu 20 hivi, mteja afurahi. Mfuko wako sasa hautoi kilo 50, unatoa 49. Mauzo ni 147,000. Faida imeshuka kutoka 5,000 hadi 2,000. Kijiko kile kimekula zaidi ya nusu ya faida yako, na hakuna aliyeiba.

Usinielewe vibaya, sisemi umpunje mteja. Kupunja ni dhambi, na ni kosa la jinai vilevile. Nasema pima sawasawa. Wakala wa Vipimo wanatakiwa kuuhakiki na kuugonga muhuri mzani wa biashara kila mwaka, na wengi tunawaona kama watu wa kututoza tu. Kumbe mzani mbovu hauchagui upande. Leo unamwibia mteja, kesho unakuibia wewe. Na unaponunua shambani, achana na lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kiasi, na debe la kujazwa kwa kilima. Nunua kwa kilo. Aliyenunua kwa macho atauza kwa machozi.

Sasa nije kwenye droo. Nani anatoa pesa humo bila kuandika? Kijana wa duka anaogopa. Jirani hafiki. Anayefungua droo na kuchomoa elfu tano ya bodaboda, elfu mbili ya vocha, elfu kumi ya mchango wa harusi, ni mwenye duka. Jioni nyumbani wanatuma mtoto: lete mafuta, lete sukari, lete sabuni ya kufulia. Mtoto anabeba, hakuna aliyeandika, kwani si duka letu? Mwezi ukiisha, anayetazamwa kwa jicho baya ni yule yule mpwa uliyemtoa kijijini aje akusaidie kuuza.

Mwenye duka ana haki ya kula jasho lake. Ila ale kwa hesabu. Jipangie posho kwa wiki, ichukue, iandike. Kinachokwenda nyumbani kiandikwe kwa bei uliyonunulia, kwenye ukurasa wake, na neno moja juu: Nyumbani. Fanya mwezi mmoja tu. Huenda ukashangaa kugundua kwamba mteja wako mkubwa kuliko wote hajawahi kukulipa.

Halafu kuna madeni. Kwenye kuta za maduka yetu tumeandika "kukopa harusi, kulipa matanga", na chini ya maandishi hayo hayo tunakopesha. Na huku kwetu hakuna namna. Mkulima wa mpunga na wa tumbaku anapata pesa kwa msimu. Mwalimu anasubiri mwisho wa mwezi. Ukikataa kukopesha kabisa, duka lako litabaki na inzi. Basi kopesha kwa utaratibu: kila mtu ukurasa wake, tarehe, alichochukua, kiasi, na sahihi yake au alama ya kidole. Weka kikomo kwa kila mkopaji, na kikomo kwa madeni yote ya duka. Deni ulilolibeba kichwani ni zawadi uliyotoa bila kujua.

Tukae hapo kwenye daftari, kwa sababu najua unaniambia moyoni, "Ndugu mtangazaji, duka langu lina vitu mia tatu, nitahesabu saa ngapi?" Usihesabu vyote. Chagua vitu kumi vinavyotoka haraka na vinavyobebeka kirahisi: sabuni, betri, sigara, vocha, mafuta ya kupaka. Hivyo vihesabu kila jioni. Duka zima lihesabu mara moja kwa mwezi, geti likiwa limefungwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Asubuhi sabuni zilikuwa 40. Mchana umeongeza 20. Jioni zimebaki 35. Zilizotoka ni 25. Unauza shilingi 1,000 moja, kwa hiyo droo inadai shilingi 25,000 za sabuni. Ukikuta 22,000, sabuni tatu zimepita njia nyingine. Labda zimekopeshwa hazijaandikwa. Labda zimekwenda nyumbani. Labda zimeibwa. Lakini habari umeipata jioni ile ile, watu bado wanakumbuka. Na usidharau tatu. Sabuni uliyonunua 900 ukauza 1,000 inakupa faida ya mia moja. Ikipotea moja, inakubidi uuze tisa ndipo urudishe gharama yake. Zikipotea tatu, utauza 27 bila kula kitu.

Na kama mwizi ni kijana kweli? Wapo. Sheria inawatambua: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, imeweka adhabu ya hadi miaka kumi jela kwa mtumishi anayemwibia mwajiri wake. Lakini mwajiri naye ana mipaka. Wengi tukikuta shoti tunakata mshahara papo hapo, tena mshahara wote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu hivyo. Hasara iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini, umweleze kwa maandishi sababu, kiasi na namna ulivyokipata, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Sasa jiulize, bila daftari utaandika nini kwenye hiyo karatasi?

Tena kuna jambo halipendezi kulisema, ila tuko wenyewe. Unamlipa kijana ujira ambao hata chakula cha mwezi haununui, unamwachia droo yenye laki tatu kutwa nzima, jioni unamwambia awe mwaminifu. Mlipe anachoweza kuishi nacho, mlipe kwa tarehe, na mkabidhiane: asubuhi mnahesabu chenji wote wawili, jioni mnafunga hesabu wote wawili, mnatia sahihi wote wawili. Kijana mkweli atalipenda daftari hilo kuliko wewe.

Wale mliojiunga na biashara ya uwakala wa pesa za simu, nisikilizeni kidogo. Mwizi wenu havai barakoa, anapiga simu. Anajifanya mtu wa kampuni, anataka namba ya siri au anakwambia bonyeza hivi na hivi tukuongezee floti. Namba ya siri haiulizwi na mtu yeyote wa kampuni, kamwe. Mwingine anakuja dukani, ananunua, analipa kwa lipa namba, kisha anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake. Simu yake inakuhusu nini? Tazama yako, angalia salio lako, ndipo bidhaa ivuke kaunta. Na ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" tumeugeuza utani, lakini bado unawaliza watu. Usiufute tu: utume kwenda namba 15040, huduma iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kupokea taarifa za utapeli, na namba ya aliyekutumia ijulikane.

Kuhusu noti, gusa uone kama ina mparuzo, inyanyue kwenye mwanga utafute sura ya Mwalimu Nyerere na ule uzi wa usalama. Na kumbuka Benki Kuu iliondoa noti za zamani, zile za mwaka 1985 hadi 2003 pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, na muda wa kuzibadilisha ulikwisha tarehe 5 Aprili 2025. Akikuletea mtu leo, ni karatasi ya kumbukumbu.

Sasa usiku. Sijausahau.

Mpanda ni mji wa wapita njia tangu asili. Reli kutoka Kaliua, kilomita 210, ililetwa huku kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na watu wakashuka nayo. Baadaye wakaja wachimbaji wa dhahabu, wafugaji, wanunuzi wa mpunga. Wageni ndio biashara yetu, hatuwezi kuwaogopa. Ila kila msimu wa mavuno pesa inapojaa mjini, wanaoifuata ni wengi kuliko wanaoileta. Msimu huo usilaze pesa dukani. Peleka benki au kwa wakala mchana, kwa saa tofauti tofauti, si kila siku saa kumi na moja na mkoba ule ule. Ukifunga, acha droo tupu na wazi, ili atakayeingia asiivunje bure.

Kamera ni nzuri, nazo siku hizi si ghali sana. Lakini mji huu umeishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta, tunajua giza linavyokuja bila hodi, na kamera isiyo na betri wakati huo ni pambo. Tena kamera inakuonyesha aliyeiba jana. Anayemzuia wa leo ni jirani.

Na ujirani huu ndugu zetu Wasukuma waliohamia mkoani kwetu wanaujua vizuri. Sungusungu ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kule Shinyanga na Tabora, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipowazidi watu. Silaha yao kubwa ilikuwa yowe. Likipigwa, kila mtu anatoka, na asiyetoka anaulizwa kwa nini. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuyapa makundi hayo nafasi kisheria. Maduka ya mstari mmoja yanaweza kufanya jambo kama hilo: mchangie mlinzi mmoja badala ya kila mtu na wake anayelala, afahamike kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mkaguzi wa polisi wa kata, awe na tochi na filimbi. Taa moja nje ya kila duka. Na namba 112 iwe kwenye simu ya kila mmoja.

Lakini yowe lina mpaka wake. Ukimkuta mtu anaiba, sheria inakuruhusu kumkamata na kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Haikuruhusu kumpiga, wala kumvisha tairi. Tunasoma habari za "wananchi wenye hasira kali" kana kwamba hasira ni cheo. Kesho yake mwenye duka anashtakiwa kwa mauaji kwa sababu ya mche wa sabuni. Na wakati mwingine aliyelala pale chini hakuiba chochote. Alikuwa kama yule kijana wa mpunga, na hakukuwa na daftari la kumtetea.

Tena moto nao ni mwizi. Soko Kuu la Kariakoo, pamoja na ukubwa wake wote, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Zima kila kitu kabla ya kufunga, usiunganishe waya juu ya waya, namba ya zimamoto ni 114. Na daftari lako usililaze dukani. Liende nawe nyumbani, kwa sababu mtu wa bima, au wa benki, au wa polisi, atakuuliza swali lile lile nililokuuliza mimi mwanzo: humo ndani mlikuwa na nini?

Msikilizaji, naona muda unanikimbia, na huko nje nadhani mageti yameanza kuvutwa. Kama bado hujafunga, subiri kidogo. Mwite kijana wako. Chukueni kitu kimoja tu, sabuni kama mnaona rahisi, mhesabu pamoja, mwandike, mtie sahihi wote wawili na tarehe ya leo.

Halafu funga. Usiku mwema.